Mkazamwana, Mavyaa na Sheria

Msomaji, ukilisikia neno mahari, mawazo yako huenda mara moja kwa kijana wa kiume na jamaa zake, maana hao ndio watoao. Hupeleka ng'ombe, mbuzi au fedha kwa wazazi wa msichana. Na kwa Waislamu, mume humpa mke mwenyewe mahari iliyo haki yake. Twaweza kubishana juu ya kiasi, lakini hatubishani juu ya njia: mali hutoka upande wa mume ikaenda upande wa mke. Katika insha hii nataka twende pamoja mpaka Bara Hindi, ambako kwa watu wengi mali hiyo hupita njia iliyo kinyume. Huko wazazi wa bibi arusi ndio watoao, na bwana arusi na jamaa zake ndio wapokeao.

Sikupeleki huko ili ustaajabie desturi za watu. Kila mtu huiona desturi ya mwenzake kuwa ngeni, na yake kuwa ya maana. Nakupeleka kwa sababu katika nchi hiyo lilizuka swali la haki ambalo laweza kuzuka katika nchi yoyote. Mwanamke akiteswa katika nyumba ya mumewe kwa ajili ya mali, ni nani atakayesimama mbele ya hakimu? Ni mume peke yake, au ni pamoja na mama yake, baba yake, ndugu zake na dada zake? Na kama ni wote, hakimu atajuaje ni nani aliyemtesa, ni nani aliyetazama tu, na ni nani ambaye hakuwako kabisa? Bunge la India na mahakama zake zimehangaika na swali hili kwa muda wa zaidi ya miaka 40. Historia ya mahangaiko hayo yafaa kujulikana.

Kwanza tuione asili ya mali yenyewe. Katika lugha ya Kihindi mali hiyo huitwa dahej. Vitabu vya kale vya sheria za Wahindu vilitaja kitu kingine kiitwacho stridhan, yaani mali ya mwanamke. Hii ilikuwa vito, nguo na zawadi nyingine ambazo binti alipewa na wazazi wake na ndugu zake, na ilihesabiwa kuwa mali yake mwenyewe. Aghalabu binti hakutazamiwa kurithi shamba pamoja na ndugu zake wa kiume, kwa hiyo fungu lake alilipata siku ya harusi. Sheria ya Urithi ya Wahindu ya mwaka 1956 iliwaongezea mabinti haki, lakini katika mali ya ukoo hawakuwekwa sawasawa na wana wa kiume mpaka sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 2005.

Hapana ubaya mzazi kumpa bintiye zawadi. Ubaya ulikuja zawadi ilipogeuka kuwa dai. Wakati wa utawala wa Waingereza na baada yake, kijana aliyesoma na kupata kazi ya mshahara, hasa kazi ya serikali, alitafutwa na wazazi wengi wenye mabinti. Aliyetafutwa na wengi akawa na bei. Jamii ambazo zamani mume ndiye aliyetoa mahari ziliacha desturi yao zikaifuata ile ya kutoza upande wa mke. Desturi hiyo haikubaki kwa Wahindu peke yao. Ilionekana pia kwa Waislamu, Wakristo na Masingasinga wa nchi hiyo. Na mali iliyotolewa haikubaki tena mikononi mwa binti. Ilipita juu ya kichwa chake ikaenda kwa watu wa mumewe.

Fikiri sasa, msomaji, juu ya hali ya msichana huyo. Aliposwa na kuolewa, alitoka kwao akaenda kuishi katika nyumba ya ukoo wa mumewe. Humo mlikuwa na mavyaa, yaani mama wa mume. Na bavyaa, yaani baba wa mume. Na mashemeji, na mawifi, na pengine wake za mashemeji. Yeye alikuwa mkazamwana, mgeni wa mwisho kuingia na mdogo wa daraja kuliko wote. Ikiwa mali aliyokuja nayo ilionekana haba, habari yake haikuisha siku ya harusi. Ilianza siku hiyo. Palikuwa na masimango jikoni, kunyimwa chakula, kupigwa, na ujumbe kupelekwa kwa wazazi wake ya kwamba bado kunadaiwa fedha, au dhahabu, au pikipiki. Wazazi waliouza walichokuwa nacho ili kumwoza binti yao walitakiwa wauze tena ili awe salama.

Serikali ya India huru iliuona ubaya huo mapema. Mwaka 1961 Bunge lilijadili muswada wa kuyakataza malipo haya. Nyumba mbili za Bunge hazikupatana juu ya maneno yake, hata ikabidi ziketi pamoja mwezi wa Mei mwaka huo. Huo ulikuwa mkutano wa kwanza wa namna hiyo katika historia ya Bunge la nchi hiyo. Matokeo yake ni Sheria ya Kukataza Dahej ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai.

Sheria hiyo ilikuwa na nia njema na mikono dhaifu. Adhabu yake ilikuwa kifungo kisichozidi miezi sita, au faini isiyozidi rupia 5,000, au vyote viwili. Iliwahesabu mtoaji na mpokeaji kuwa wakosaji sawasawa. Basi baba wa binti aliyetaka kushtaki alijishtaki mwenyewe. Polisi hawakuwa na uwezo wa kumkamata mtu kwa kosa hilo bila hati ya hakimu. Shauri halikuweza kusikilizwa ila mtu apeleke malalamiko kabla ya mwaka mmoja kupita. Tena dahej ilielezwa kuwa ni mali iliyotolewa kwa badili ya ndoa, na watu wakasema ya kwamba walichopokea ni zawadi tu. Kwa hiyo sheria ikakaa kitabuni, na desturi ikaendelea arusini.

Miaka ilipita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, katika Delhi na miji mingine ya kaskazini, watu walianza kutambua jambo la kutisha. Wanawake vijana, walioolewa kwa miaka michache tu, walikuwa wakifa kwa moto jikoni. Kila mara maelezo yalikuwa yale yale: jiko la mafuta ya taa lililipuka, sari ikashika moto. Polisi waliandika ajali au kujiua, na faili likafungwa. Lakini ilikuwaje majiko ya mafuta ya taa yawachague wakazamwana, yawaache mavyaa na mawifi waliopika katika jiko lilo hilo?

Walioliuliza swali hilo kwa sauti kubwa walikuwa akina mama wa wafu. Mmoja wao ni Satya Rani Chadha wa Delhi. Mwaka 1979 binti yake alikufa kwa kuungua, naye alikuwa na mimba, wala hakuwa amemaliza mwaka katika ndoa. Watu wa mumewe walikuwa wamedai skuta. Mama huyo hakunyamaza. Alipita mahakamani, alipita barabarani pamoja na wanawake wenzake, na mwaka 1987 alishirikiana na mama mwingine aliyefiwa namna hiyo hiyo, aliyejulikana kwa jina la Shahjahan Apa, kuanzisha nyumba ya kuwapokea wanawake walioteswa, iitwayo Shakti Shalini. Mume wa binti yake alitiwa hatiani mwaka 2000. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni miaka 21 tangu kifo mpaka hukumu. Satya Rani Chadha alifariki mwaka 2014.

Kelele za akina mama hao na za vyama vya wanawake zililifikia Bunge. Mwaka 1983 Bunge lilitia kifungu kipya katika Sheria ya Jinai ya Bara Hindi. Sheria hiyo ilitungwa na Waingereza mwaka 1860, nayo si ngeni kabisa kwetu, kwa kuwa ndiyo iliyotumika katika nchi yetu ya Kenya tangu siku za mwanzo za ukoloni mpaka mwaka 1930, tulipowekewa Sheria ya Jinai ya Kenya. Kifungu kipya kilibandikwa katika sura mpya baada ya sura ya makosa ya ndoa, yaani baada ya kifungu cha 498, nacho kikapewa namba 498A. Namba hiyo imekuwa mashuhuri katika India hata watu wasiojua sheria huitaja.

Kifungu hicho kilisema ya kwamba mume, au jamaa wa mume, akimtendea mke ukatili, atafungwa muda usiozidi miaka mitatu na kutozwa faini. Ukatili ulielezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mwenendo wa kusudi uwezao kumsukuma mwanamke ajiue, au kumdhuru vibaya mwilini au akilini. Njia ya pili ni kumsumbua ili yeye au jamaa zake watoe mali isiyo haki kudaiwa.

Nguvu ya kifungu hiki haikuwa katika adhabu yake peke yake. Ilikuwa katika mambo matatu. La kwanza, polisi waliweza kumkamata mtuhumiwa bila hati ya hakimu. La pili, dhamana haikuwa haki ya mtuhumiwa. Ilitegemea uamuzi wa mahakama. La tatu, shauri likisha kufunguliwa, mlalamikaji na washtakiwa hawakuruhusiwa kulimaliza kwa kupatana wao kwa wao. Udhaifu mwingi wa sheria ya 1961 haukuwamo katika kifungu hiki. Pale ilipokuwa dhaifu ile ya kwanza, hii ya pili ilikuwa kali.

Mwaka 1986 Bunge lilikwenda mbele zaidi. Liliweka kosa jipya la kifo cha dahej, katika kifungu cha 304B. Mwanamke akifa kwa kuungua, au kwa jeraha, au katika hali isiyo ya kawaida, kabla ya miaka saba ya ndoa kutimia, na ikithibitika ya kwamba muda mfupi kabla ya kufa aliteswa kwa ajili ya dahej na mumewe au jamaa wa mumewe, basi sheria huwahesabu hao kuwa ndio waliosababisha kifo chake. Ni juu yao kuonyesha kinyume. Kifungo chake hakipungui miaka saba, na chaweza kuwa cha maisha.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuulize: kwa nini Bunge lilimtaja jamaa wa mume? Jibu ni katika mithali yetu isemayo, siri ya mtungi aijuaye kata. Mateso ya mkazamwana hayakufanyika sokoni. Yalifanyika nyuma ya mlango, na waliokuwa nyuma ya mlango ni watu wa nyumba ile. Mara nyingi mume alikuwa kazini mchana kutwa, na aliyeshika funguo za stoo na za sanduku la vito alikuwa mavyaa. Kama sheria ingemtaja mume tu, mama angedai na kutesa kwa niaba ya mwanawe, na mwana angesema hakujua. Bunge halikutaka mlango huo ubaki wazi. Katika jambo hili Bunge lilikuwa na haki.

Lakini neno jamaa ni neno pana. Kifungu hakikueleza mwisho wake. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya India ililazimika kuamua hata kama hawara wa mume ni jamaa yake. Iliamua kwamba siye, maana ujamaa ni wa damu, wa ndoa, au wa kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako. Hata baada ya kuwekewa mpaka huo, ukoo wa mtu mmoja katika India waweza kuwa na watu 30 au 40 waliotawanyika katika miji mbalimbali. Ikawa desturi, katika mashauri mengi, kuandika majina ya wote walioweza kukumbukwa: wazee waliokuwa hawawezi kutembea, mawifi walioolewa zamani na kuhamia mbali, mashemeji waliokuwa wanafunzi.

Usiharakishe kusema, msomaji, ya kwamba wanawake hao walikuwa waongo. Sababu zilikuwa nyingi. Mwanamke aliyefukuzwa usiku, vito vyake vikabaki mikononi mwa mavyaa, alikuwa na haja ya kitu cha kuwatikisa watu wale ili wamrudishie mali yake. Shauri la madai lilichukua miaka; shauri la jinai lilileta polisi mlangoni. Mwandishi wa malalamiko naye alijua ya kwamba majina yakiwa mengi, upande wa pili utaharakisha kutafuta suluhu. Basi chombo kilichotengenezwa kwa kuzuia mauaji kikatumiwa pia kwa kudai mali na kumaliza magomvi ya ndoa. Aliyekitumia hivyo pengine alikuwa na haki ya kile alichodai. Lakini wifi aliyekaa mji mwingine, akaamka asubuhi akaambiwa anatakiwa mahakamani, alikuwa na haki yake pia.

Na haki hiyo haikuwa jambo dogo. Katika India mtumishi wa serikali akiwekwa kizuizini zaidi ya saa 48, huhesabiwa kuwa amesimamishwa kazi. Msichana asiyeolewa ambaye jina lake limo katika mashtaka hupata taabu kuposwa. Mzee hupanda gari moshi kutoka jimbo moja kwenda jingine, mara baada ya mara, ili asikie shauri limeahirishwa. Hata akiachiliwa baada ya miaka minane, nani atamrudishia miaka minane?

Malalamiko hayo yalifika Mahakama ya Juu. Mwaka 2005 mahakama hiyo iliombwa ikifute kifungu cha 498A kwa kuwa kinapingana na katiba. Ilikataa. Ilisema ya kwamba sheria haiwi batili kwa sababu tu watu wengine huitumia vibaya, ingawa ilionya vikali juu ya matumizi hayo mabaya. Mwaka 2010 lilikuja shauri lililofunguliwa Ranchi, katika jimbo la Jharkhand. Miongoni mwa washtakiwa walikuwamo wifi aliyeolewa na kukaa Gujarat, na shemeji aliyekaa Maharashtra, mamia ya maili kutoka hapo. Mahakama haikuona jambo lolote mahususi walilodaiwa kulifanya, ikayafuta mashtaka juu yao, ikaliomba Bunge lizitazame upya kanuni za sheria hiyo.

Mwaka 2014, katika shauri lililotoka Bihar, majaji walitaja hesabu za serikali, nami nataka uzisome polepole. Katika mwaka 2012 watu 197,762 walikamatwa chini ya kifungu cha 498A. Kati yao 47,951 walikuwa wanawake. Maana yake ni kwamba karibu robo ya waliokamatwa chini ya sheria ya kuwalinda wanawake walikuwa wanawake wenyewe. Polisi walipeleka mahakamani mashauri 93.6 katika kila 100 waliyoyachunguza, lakini waliotiwa hatiani walikuwa 15 tu katika kila 100. Mashauri 372,706 yalikuwa yakingoja kusikilizwa.

Watu wengi wamezisoma hesabu hizo na kusema, tazama, 85 katika kila 100 ni uongo. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapotakiwa kuwa mwangalifu. Kuachiliwa kwa mshtakiwa si sawa na kuthibitika kwa uongo wa mlalamikaji. Mashauri mengine huanguka kwa sababu uchunguzi ulifanywa vibaya. Mengine huanguka kwa sababu shahidi pekee ni mwanamke mwenyewe, na baada ya miaka mingi amechoka, au amepatana nao. Na ingawa kifungu hakikuruhusu kupatana, mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliziruhusu Mahakama Kuu za majimbo kuyafuta mashtaka pale mume na mke wanapokwisha kusikilizana. Kwa hiyo hesabu hiyo huchanganya uongo, uchovu, suluhu na uzembe katika kapu moja. Atakayetoa kimoja na kusema ndicho kapu zima, hasemi kweli.

Majaji wa mwaka 2014 hawakusema ya kwamba wanawake ni waongo. Walisema neno jingine lenye busara: uwezo wa kukamata si lazima ya kukamata. Waliwaamuru polisi wasimkamate mtu kwa sababu tu jina lake limetajwa. Kwanza waandike sababu zinazoonyesha haja ya kumkamata, na hakimu azisome kabla ya kumpeleka mtu rumande. Amri hiyo iliwekwa kwa makosa yote ambayo kifungo chake hakizidi miaka saba, wala si kwa 498A peke yake.

Baada ya hapo mizani ilianza kuyumba. Mwaka 2017 majaji wawili wa Mahakama ya Juu waliamuru ya kwamba kila wilaya iwe na kamati ya ustawi wa familia, na malalamiko yapite kwanza kwa kamati hiyo kabla mtu hajakamatwa. Vyama vya wanawake vilisikitika: mwanamke aliyevunjwa mkono alitakiwa angoje maoni ya watu wasio polisi wala mahakimu. Mwaka 2018 majaji watatu wa mahakama hiyo hiyo waliziondoa kamati hizo, wakisema ya kwamba hazikuwa na msingi katika sheria. Mwaka 2019 mahakama ilimwongezea mwanamke nguvu: aliyefukuzwa akakimbilia kwa wazazi wake aliruhusiwa kushtaki huko alikokimbilia, asilazimike kurudi katika mji wa watesi wake. Mwaka 2022 ikarudi upande wa pili, ikafuta mashtaka dhidi ya jamaa waliotajwa kwa maneno ya jumla tu. Na mwaka 2025 iliuthibitisha utaratibu uliotungwa na Mahakama Kuu ya Allahabad, wenye muda wa miezi miwili ya kusubiri na kamati ndani yake. Hivyo mara ngao iliinuliwa, mara iliteremshwa.

Katikati ya hayo sheria yenyewe ilibadilishwa jina. Tarehe 1 Julai 2024 Sheria ya Jinai ya 1860 iliondoka, ikaingia sheria mpya ya nchi hiyo. Waliotazamia mabadiliko makubwa hawakuyapata. Kosa lile lile limo, katika vifungu vya 85 na 86, na jamaa wa mume wametajwa kama walivyotajwa mwaka 1983. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu, katika shauri lililotoka Telangana, ilifuta mashtaka yasiyokuwa na maelezo mahususi, ikaonya juu ya desturi ya kuuvuta ukoo mzima mahakamani. Lakini katika hukumu iyo hiyo ilisema ya kwamba haina maana mwanamke aliyeteswa anyamaze.

Wala haifai anyamaze, maana vifo havijakoma. Katika mwaka 2022 polisi wa India waliandika mashauri zaidi ya 6,000 ya vifo vya dahej, na mashauri yapata 140,000 ya ukatili wa mume au jamaa zake. Ukizigawa zile elfu sita kwa siku za mwaka, utapata zaidi ya wanawake 16 kila siku. Wakati darasa lako linapoanza asubuhi na kumalizika jioni, wengine wamekwisha kufa.

Tumejifunza nini basi? Mimi naona historia hii ina mafundisho mawili, nayo hayapingani ingawa watu huyagombanisha.

Fundisho la kwanza ni hili: nyumba si mahali pasipofikiwa na sheria. Kwa muda mrefu watu walisema ya kwamba mambo ya mke na wakwe zake ni ya ndani, polisi wasiyaingilie. Neno hilo liliwaua wengi. Akina mama wa mwaka 1979 walilivunja, na aliyelivunja hatakiwi kulaumiwa kwa sababu baadaye mwingine aliupita mlango uo huo kwa nia isiyo njema.

Fundisho la pili ni hili: hatia ni ya mtu, si ya ukoo. Tunayo mithali isemayo samaki mmoja akioza, wote wameoza. Yaweza kuwa kweli katika kapu la mvuvi. Katika mahakama ni hatari kubwa. Hakimu akiifuata, atamfunga mama asiye na kosa kwa ajili ya mwana mkosaji. Na watu wakiona wasio na kosa wamefungwa, wataacha kumsadiki hata yule aliyeungua kweli. Kila jina la bure lililoandikwa katika malalamiko huyapunguzia nguvu majina ya haki. Anayeumizwa kwa jambo hilo si washtakiwa tu, bali ni mwanamke atakayekuja kesho.

Mafundisho hayo mawili hukutana katika swali moja fupi, ambalo majaji wa India wamerudi kwalo kila mara baada ya kuyumba: nani alifanya nini, lini, na wapi? Polisi aliyefunzwa kuuliza hivyo hatamfukuza mwanamke kituoni, wala hatakamata ukoo mzima. Mlalamikaji aliyesaidiwa kujibu hivyo atakuwa na shauri lenye nguvu. Swali hili halimdhulumu mtu ila mwongo.

Nawe usidhani ya kwamba jambo hili ni la ng'ambo tu. Sheria ya Kenya ya Kukinga Watu Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, inapoorodhesha aina za ukatili, hutaja waziwazi wakwe kuingilia ndoa. Nasi, kama Wahindi, tumewatia wakwe katika kitabu cha sheria. Huenda miongoni mwenu ninyi msomao insha hii atatoka polisi, au wakili, au hakimu. Na bila shaka watatoka mavyaa, mawifi na wakazamwana. Siku mtakapoletewa malalamiko ya mtu aliyeteswa nyumbani, msikilizeni upesi, kama akina mama wa Delhi walivyotaka binti zao wasikilizwe. Kisha, kabla ya kuandika jina la mtu yeyote, ulizeni alifanya nini.